Viti Saba na Mlima wa Muyenga: Mjadala wa Gari la Familia Jijini Kampala

Katika biashara ya magari ya Afrika Mashariki, gari la viti saba ni gari la familia lenye safu tatu za viti, viwili mbele, vitatu katikati na viwili nyuma, ambalo kwa umbo na kwa namna linavyoendeshwa huwa karibu zaidi na gari dogo la kawaida kuliko na basi dogo. Jijini Kampala magari ya aina hiyo yanayoonekana kila siku ni ya Toyota: Ipsum, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996, kisha Wish na Sienta, zote mbili za mwaka 2003, pamoja na Noah, ambayo ina kimo kirefu zaidi na mara nyingi huwa na viti vinane. Mengi ya magari hayo hayakufika Uganda yakiwa mapya, bali yalitumika kwanza Japani, yakauzwa kwa mnada, yakapakiwa melini hadi Mombasa, na kutoka hapo yakasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara hadi kwenye bondi, yaani ghala lililo chini ya uangalizi wa forodha ambamo gari hukaa bila kulipiwa ushuru mpaka lipate mnunuzi.

Hoja inayojadiliwa hapa ni kwamba, kwa familia ya kipato cha kati Kampala, gari nafuu la viti saba ni chaguo la busara. Mjadala umepangwa kwa sauti tatu, ambazo si za watu mahususi bali zinabeba misimamo mitatu inayokutana kila familia inapokaa kulifikiria jambo hili. Mtetezi ni mama mwenye watoto wengi na mshahara wa wastani. Mpinzani ni mzee anayeutanguliza usalama wa barabarani mbele ya yote. Na Fundi anasimama kwa niaba ya gereji za Kisekka, soko la katikati ya jiji linalojulikana kwa vipuri vya magari. Toyota Wish imechukuliwa kuwa mfano mkuu, kwa sababu ndiyo inayodhihirisha vizuri zaidi uzuri na udhaifu wa gari la namna hii.

Kuhusu unafuu

MTETEZI: Mazungumzo ya gari hili, Mzee, huharibika pale linapolinganishwa na gari ambalo familia haina uwezo wa kulinunua. Mlinganisho wa haki ni ule unaofanywa na asubuhi ya Kampala yenyewe: mzazi wa kitongoji kama Najjera au Kyengera mwenye watoto watano wa shule, ambaye bila gari huwapakia watatu kwenye bodaboda moja, mdogo akiwa amebanwa kati ya dereva na kaka yake, huku waliobaki wakigombania nafasi katika taksi, jina ambalo nchini Uganda hupewa basi dogo la abiria 14. Mbele ya uchaguzi huo, gari lenye bodi ya chuma, mikanda na milango inayofungwa ni hatua kubwa, hata kama limeshatimiza miaka 12. Gari la viti vitano haliwezi kuifanya kazi hiyo bila watoto wawili kupakatwa, na mtoto anayepakatwa hana mkanda wa kumshika.

MPINZANI: Hakuna anayeitetea bodaboda ya watoto watatu, Mama, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kuikimbia hatari moja si ruhusa ya kuifumbia macho nyingine. Neno nafuu lina sehemu mbili, bei ya kulinunua gari na gharama ya kuliweka katika hali ya kubeba roho saba, na familia nyingi huiona ya kwanza tu. Kabla gari halijatoka forodhani hutozwa ushuru wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, na juu ya hayo tozo ya mazingira, ambayo kwa gari la umri mkubwa hufikia nusu ya thamani inayojumuisha bei, nauli ya meli na bima. Mnunuzi ndiye anayevibeba vyote hivyo ndani ya bei, na anapokabidhiwa ufunguo, akiba iliyopaswa kununua matairi manne na breki mpya imekwisha.

FUNDI: Mzee amesema la kweli, na kuna jambo la umri la kuongeza. Mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa, ikapiga marufuku kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, wakati Kenya kikomo ni miaka 8. Wish ya kizazi cha kwanza ilikoma kutengenezwa mwaka 2009, kwa hiyo tangu mwaka 2024 hakuna hata moja inayoweza kuingia upya. Zilizoko barabarani zimekwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu. Kizazi cha pili kilitengenezwa hadi mwaka 2017, na baada yake jina hilo likaachwa. Maana yake, Mama, ni kwamba Wish ya bei ya chini kabisa leo haitoki tena bondi bali kwa jirani, na anayeinunua anapaswa kuuliza imetunzwaje na nani, zaidi ya kuuliza ni ya mwaka gani.

MTETEZI: Basi umri wenyewe unautetea upande huu pia, Fundi. Gari ambalo limekuwa likirekebishwa Kisekka kwa miaka 20 ni gari ambalo kila fundi analijua, na kipuri chake hupatikana kabla jua halijazama, kipya au kilichotumika. Familia ya kipato cha kati haiogopi gari kuharibika kama inavyoogopa gari kulala gereji mwezi mzima likisubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Hapa pande zote mbili zinakutana mahali ambapo hazikukusudia. Unafuu wa gari la viti saba haumo katika bei iliyoandikwa kwenye kioo cha mbele, bali umo katika uwezekano wa kulitengeneza kwa kipato cha kawaida. Na faida hiyo hudumu tu ikiwa sehemu ya fedha imewekwa kando tangu siku ya kwanza kwa ajili ya matengenezo hayo.

Kuhusu uzito

MPINZANI: Sasa na tulitazame gari likiwa na watu ndani, kwa sababu ndipo jina lake linapopata maana. Kanuni za Japani, wanapokokotoa uzito wa juu wa gari la abiria, humhesabu kila mtu kuwa na kilo 55. Wish ya injini ya lita 1.8 ina uzito wa takriban kilo 1,300 ikiwa tupu. Watu saba kwa kipimo hicho ni kilo 385, na jumla ni kilo 1,685, pasipo hata mfuko mmoja wa mizigo. Watu wazima saba wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 490, yaani kilo 105 juu ya hesabu ya mtengenezaji kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa kuweka kitu.

MTETEZI: Hesabu ni sahihi, Mzee, lakini familia si watu wazima saba. Wazazi wawili wa kilo 70 ni kilo 140, na watoto watano wa wastani wa kilo 35 ni kilo 175. Jumla ni kilo 315, na zinabaki kilo 70 kabla kikomo hakijafikiwa. Gari hili linatosha kwa kazi ambayo lilibuniwa kuifanya, na mwenye kulijaza wanaume saba wa kwenda harusini Mukono asililaumu gari.

FUNDI: Kilo hizo 70 zilizobaki, Mama, ndizo zinazoleta gari gereji. Familia ikitoka kijijini upande wa Masaka hairudi mikono mitupu. Mkungu wa matoke huwa na kilo 20 hadi 30, na bibi hatoi mmoja. Huja mitatu, na gunia la viazi, na kuku. Kwa kuwa viti vya nyuma vikisimamishwa nafasi inayobaki kati ya mgongo wa kiti na mlango ni ya mikoba michache ya shule, mikungu hulazwa chini ya miguu ya watoto na gunia husukumwa mpaka ligandane na kioo. Ndipo mkia wa gari unaposhuka, springi zinapogota, na taa za mbele zinapoelekea juu na kumpofusha dereva anayekuja. Magari mengi ya aina hii yana kigurudumu kidogo kando ya usukani, chenye namba kuanzia sifuri, ambacho hushusha miale ya taa gari likiwa na mzigo. Wengi wanaoleta magari Kisekka hawajawahi kukigusa, wala kuambiwa kazi yake.

MPINZANI: Na mtoto aliyeko safu ya tatu, Fundi, yuko wapi katika hesabu hiyo? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva hahisi kinachomkuta anayekaa juu ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaoyaunganisha magurudumu ya nyuma: magoti yamepanda kifuani, kila tuta linampiga moja kwa moja, na kati ya kisogo chake na lori linalofuata hakuna kitu ila mgongo wa kiti, bati na kioo.

Hoja hiyo ya mwisho haina jibu la kuifuta, bali ina jibu la kuipunguza nguvu. Ajali ya kugongwa nyuma kwa mwendo mdogo ndani ya jiji si sawa na ile ya barabara kuu, ambako lori hukimbia kasi na breki zake huchelewa kulisimamisha. Hivyo safu ya tatu haina hatari ileile kila mahali, na kujua tofauti hiyo ni sehemu ya kulijua gari.

Kuhusu uendeshaji

FUNDI: Gari huhukumiwa barabarani, si kwenye karatasi. Wish ina upana wa milimita 1,695, kwa sababu Japani gari likizidi milimita 1,700 hupanda daraja. Dereva wa Kampala hunufaika na sheria hiyo ya mbali kila anapopenya kati ya taksi mbili karibu na Clock Tower. Kimo chake ni mita 1.59, wakati Noah za mwanzo zinakaribia mita 1.85, na tofauti hiyo huonekana kwenye kona: kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa gari ni kana kwamba umekusanyika, kiko chini zaidi katika Wish, kwa hiyo haiyumbi sana na dereva aliyezoea gari dogo huizoea siku hiyohiyo. Noah nayo hulipa kwa nafasi, kwa milango ya kuteleza isiyohitaji uwazi mkubwa mtaani, na kwa abiria wa nyuma kukaa kama watu. Ndiyo maana kaskazini mwa Tanzania, kati ya Arusha na Moshi, imekuwa ikisafirisha abiria.

MPINZANI: Sifa hizo ni za barabara sawa. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Wish ni milimita 2,750, dhidi ya milimita 2,600 za Corolla ya wakati wake, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Urefu huo huituliza kwenye lami nzuri, lakini ikipita juu ya tuta la barabarani ikiwa na watu saba, katikati ya gari hukwaruza. Aprili 2023 wakazi wa Kampala walijaza mitandao ya kijamii kwa picha za mashimo ya barabara zao, katika maonyesho yaliyoanzishwa na mwanazuoni na mchora vibonzo Jimmy Spire Ssentongo; kwenye barabara za picha zile ndiko gari hili linakoishi.

FUNDI: Ni kweli, na wengi hujibu kwa kuliinua gari, kwa kuweka vipande vya mpira au chuma juu ya springi. Tuta huvukwa, lakini kitovu cha uzito nacho hupanda, na mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu hukaa kwa pembe ambayo haukukusudiwa, ukaanza kulia wakati wa kukata kona. Kinachosaidia zaidi ni shokamzoba nzima, yaani bomba lenye mafuta ambalo huutuliza mruko wa springi. Zikiwa zimechoka, gari tupu halisemi kitu, lakini gari lenye watu saba huendelea kunesa mara tatu au nne baada ya tuta, na wakati linanesa matairi hayaishiki barabara sawasawa.

MTETEZI: Na milima je? Kampala ni jiji la vilima, na lawama kubwa inayosikika ni kwamba injini ya lita 1.8 haitoshi.

FUNDI: Inatosha kwa anayeielewa. Injini ya kizazi cha kwanza ilipewa nguvu za farasi 132, lakini kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya mji ulioko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani isiyo na feni ya kuisukuma hewa kuingia kwenye silinda, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ongeza kilo 385 za watu, kisha lielekeze gari kwenye mwinuko wa Tank Hill kule Muyenga, nalo litapanda kwa kelele na bila haraka. Kizazi cha pili kina giaboksi isiyo na gia za hatua: mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, hivyo mwendo hubadilika bila mshtuko. Ni laini na hubana matumizi ya petroli, lakini huchemka ikilazimishwa, na inataka mafuta yake maalumu. Anayeweka mafuta ya giaboksi ya kawaida ili kuokoa fedha kidogo ataizika giaboksi nzima.

MPINZANI: Kupanda si hatari, Fundi, hatari ni kushuka. Gari lililojaa lina nishati ya mwendo zaidi, kwa takriban robo, kuliko lenye dereva peke yake, na nishati hiyo yote huishia kuwa joto ndani ya breki. Dereva anayeteremka Muyenga mguu ukiwa juu ya breki kuanzia juu hadi chini hufika bondeni breki zimechemka, na breki iliyochemka hukanyagwa bila kushika. Na kwenye barabara ya haraka ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na ambayo kikomo chake ni kilomita 100 kwa saa, hesabu ni kali zaidi, kwa maana nishati hukua kwa mraba wa kasi: anayetoka 80 kwenda 100 ameongeza robo ya kasi, lakini zaidi ya nusu ya nishati inayopaswa kuzimwa.

FUNDI: Ndiyo maana mteremko huteremkwa kwa gia ya chini, injini ikilizuia gari, na breki ikikanyagwa kwa vipindi. Na ndiyo maana tairi halitazamwi kwa weusi wake. Ubavuni pana namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno marefu, na tairi kuukuu lililong'arishwa kwa rangi hulidanganya jicho, lakini haliidanganyi lami yenye mvua. Kwenye fremu ya mlango wa dereva pana kibandiko cha Kijapani kinachotaja upepo wa tairi. Ndicho cha kufuatwa, si kidole gumba cha kijana wa kituo cha petroli.

Mahali hoja zinapotua

MTETEZI: Basi, Mzee, gari linunuliwe au lisinunuliwe?

MPINZANI: Linunuliwe, Mama, lakini na mtu anayejua kwamba idadi ya viti ni kikomo na si wajibu. Watoto watano wakae safu zote ndani ya jiji, kila mmoja na mkanda wake, kwenda shule na kanisani au msikitini. Familia inapokwenda Masaka kwa mwendo wa barabara kuu, safu ya tatu ilazwe pale inapowezekana, mizigo ikae hapo, na wanaobaki wapande basi. Gari lichague moja kati ya watu na matoke. Halina nafasi ya vyote viwili.

Kwa kauli hiyo mjadala unafikia mahali ambapo hoja inakubaliwa kwa sharti. Gari nafuu la viti saba ni chaguo la busara kwa familia ya Kampala, kwa sababu linamtoa mtoto juu ya tangi la bodaboda na kumpa kiti na mkanda, na hakuna ubora wa gari la bei kubwa unaoweza kuipunguzia thamani kazi hiyo. Lakini busara hiyo haikamiliki siku ya kununua, kwa kuwa gari hili ni mawili ndani ya bodi moja: likiwa na dereva peke yake ni gari dogo jepesi na tiifu, na likiwa limejaa ni chombo kizito chenye breki zilezile, matairi yaleyale na injini ileile iliyokwisha kupunguzwa nguvu na kimo cha mji.

Dalali hulionyesha gari la kwanza. Hulizungusha mara mbili kwenye uwanja ulio sawa, mnunuzi akiwa peke yake kando yake, redio ikiwa imewashwa, na mkono hutolewa na fedha huhesabiwa. Familia, hata hivyo, itaishi na gari la pili. Kwa hiyo mzazi anayeyathamini maisha ya wanawe asiende kulijaribu peke yake. Aende na mwenzi wake na watoto wote watano, amkalishe mkubwa wao safu ya tatu, apande nalo Muyenga mpaka juu, kisha ateremke kwa gia ya chini huku akisikiliza breki, shokamzoba na giaboksi. Na akifika bondeni, kabla ya kumuuliza dalali bei ya mwisho, ageuke amuulize mtoto aliyekaa nyuma kabisa safari ilikuwaje. Jibu la mtoto huyo ndilo kipimo cha gari la viti saba, na ndilo linalopaswa kuamua kama fedha zitolewe siku hiyo au zirudi nyumbani.